Ukoo Mzima kwa Kibiriti

Emilian, fundi seremala wa Ngara mjini, alilipwa gari badala ya fedha, na hapo ndipo balaa lake lilipoanzia. Padre mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao Ulaya. Emilian alikuwa amemtengenezea mabenchi ya kanisa zima, na malipo yalikuwa bado. Padre akamtoa nje, akamwonyesha kigari chake cha Kifaransa, akasema, "Chukua hiki, mwanangu, tumalizane." Kilikuwa na mabati mepesi, viti vya turubai, na injini ambayo mtu mzima angeweza kuipakata. Siku kilipoingia sokoni mara ya kwanza, mama mmoja muuza karanga alikizunguka, akauliza, "Hili ndilo gari lenyewe, au ni kasha la kuletea gari?" Jioni haijafika, mji mzima ukawa unakiita Kibiriti.

Emilian hakujali. Alikuwa mtu mrefu, na akiketi humo magoti yalimfika kidevuni, lakini alikipenda Kibiriti kwa jambo moja: hakikuwa mlafi. Miaka hiyo petroli ilikuwa ya kibali, na wenye malandrova walikuwa wakizima injini kwenye kila mteremko huku wakimwomba Mungu. Yeye alitumbukiza kijiti chake cha mwanzi kwenye tangi, akakichomoa, akawaonyesha watu alama ya unyevu. "Nimekwenda Rulenge na kurudi," alikuwa akisema. "Tazama! Kimelamba tu." Ukimsalimia habari za asubuhi, alikupa habari za mafuta. Watu wakimwona kwa mbali walikata kona.

Na hata waliomsikiliza, maneno hayakuwaingia. Nani anataka gari linalokula kidogo? Kwa watu wa Ngara, gari la maana lilitakiwa kutikisa vikombe kabatini likiwa bado bondeni. Kibiriti kiliweza kupita nyuma ya kuku, kuku asigeuke.

Basi mtu huyu akapenda. Alikwenda Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, kupeleka meza ya cherehani kwa fundi nguo aitwaye Melania, akarudi Ngara hana akili zake. Melania naye akampenda. Alisema mwanamume anayeweza kufurahishwa na kijiti kilicholowa hatamsumbua mke kwa mengi. Kilichobaki kilikuwa ni mama yake Melania.

Mama huyo, Ildefonsa, alikuwa mjane mwenye mwili wa kushiba na sauti ya kushiba zaidi. Emilian akamwomba mjomba wake Pancras awe mshenga, wakaenda wote wawili na kibuyu cha urwagwa, ile pombe ya ndizi isiyokosekana kwenye posa. Ildefonsa akapokea pombe, akaonja, akasifu. Kisha akatazama uani, pale kilipoegeshwa Kibiriti.

"Mzee Pancras," akasema, "kijana wako sina neno naye. Anafanya kazi, hanywi akapitiliza, kanisani namwona. Lakini binti yangu ataondoka hapa kwa lori."

"Lori, mama?"

"Lori. Desderius analo, na yeye pia amekuja kubisha hodi."

Haya sasa! Desderius alikuwa mchuuzi wa ndizi, mwenye kitambi na lori kuukuu la kijani. Hakuwa mtu mbaya. Melania alisema tu kwamba akiongea naye husinzia. Lakini lori lilikuwa lori, vikombe lilivitikisa, na Ildefonsa alikuwa akilisindikiza kwa macho mpaka vumbi litulie. Emilian alirudi nyumbani siku hiyo bila kumtajia mtu habari za mafuta.

Mwishoni mwa mwaka sabini na nane vita vikazuka kaskazini mwa mkoa, na magari yote yakaagizwa yaletwe uwanjani Ngara ili jeshi lichague. Wenye malori walikuja nyuso zimewashuka. Kuna waliofunika magari yao kwa majani ya migomba, wakakamatwa kwa sababu mgomba haunuki petroli. Emilian peke yake alikuja anatabasamu. Alikuwa amekiosha Kibiriti mpaka kikang'aa. Moyoni alijisemea: jeshi likikichukua, nani tena atakicheka? Hata Ildefonsa itabidi anyamaze, anipe binti yake.

Sajini akapita akichagua. Hili. Lile pale. Lori la Desderius likachukuliwa mapema. Alipofika kwa Kibiriti akasimama, akashika bampa ya nyuma kwa mkono mmoja, akakinyanyua kidogo, akakirudisha chini.

"Hiki cha nani?"

"Changu, afande! Kinakula mafuta kidogo sana, afande. Ngoja nikuonyeshe kijiti..."

"Ndugu, tunakwenda kupigana. Adui akikiona hiki atatuonea huruma."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata wale waliokuwa wakililia malori yao. Emilian akamfuata sajini nyuma nyuma. "Afande, hata kubeba barua? Hata chumvi ya askari?"

"Nenda nyumbani, ndugu, ukalijenge taifa."

Ilimuuma! Mtu mwingine angepiga magoti kushukuru kuachiwa gari lake. Yeye alikisukuma Kibiriti mpaka nje ya uwanja kabla ya kukiwasha, watu wasimsikie akiondoka.

Kabanga habari zilifika kabla yake. "Jeshi linachukua kila chenye magurudumu," Ildefonsa akamwambia Pancras alipokwenda kujaribu tena. "Kibiriti limekiacha. Sasa wewe, mtu mzima, unaonaje?" Desderius kwa upande wake alikuwa kama amepandishwa cheo. Mikutanoni alipewa kiti cha mbele. "Lori langu liko mstari wa mbele," alisema, akijishika kifua utadhani risasi zilimpata yeye. Ildefonsa akatangaza kwamba atangoja lori lirudi, liwe zima, liwe na matundu.

Vita vikaisha mwaka uliofuata, lori halikurudi. Miezi ikapita. Emilian akakonda, naye hakuwa na pa kukondea. Siku moja akaenda Kabanga kurekebisha ile meza ya cherehani, ambayo haikuwa na kasoro yoyote, akamwuliza Melania kwa uchungu, "Hivi mama yako kigari changu kimemkosea nini?"

Melania akaacha kushona. "Hakijamkosea. Mama aliolewa kutoka ng'ambo ya mpaka, akiwa yatima. Alikuja kwa miguu, yeye na baba tu. Walipopanda kilima aligeuka nyuma atazame nani wa kwao anamsindikiza, akaona barabara tupu. Mpaka leo akikumbuka analia. Ndiyo maana anataka lori. Anataka ukoo wote wa baba upande, mimi nikigeuka niwaone."

Emilian akaketi sakafuni. Muda wote ule alikuwa akimwimbia mama huyo habari za mafuta! Akainuka, akatoka moja kwa moja mpaka jikoni kwa Ildefonsa, bila mshenga, bila kibuyu, jambo ambalo kwa kweli halikuwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pancras yuko wapi?"

"Nimekuja bila yeye, unisamehe. Mama, ukoo wenu ni mkubwa kiasi gani?"

"Mashangazi peke yao wanajaza ua."

"Nitawafikisha wote kanisani Ngara."

Ildefonsa akatazama uani. "Kwa hicho?"

"Kwa hicho, lakini si kwa safari moja. Ofisi inatoa kibali cha debe moja la petroli kwa harusi, gari kubwa gari dogo, debe ni lile lile. Lori likinywa debe hilo, likifika Ngara litabaki linasikilizia kiu. Mimi nitakwenda na kurudi, nitakwenda na kurudi, mpaka ua wako ubaki na kuku tu."

Mama akamnyooshea kidole. "Nisikilize vizuri, kijana. Akibaki Kabanga mtu wangu mmoja, hata awe kikongwe asiyeona, Melania naye atabaki. Nitakwenda kumngoja Desderius na lori lake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Jumamosi ya harusi Emilian alianza alfajiri, yuko ndani ya suti, kwa sababu gia za Kibiriti zilimtii yeye peke yake. Mafuta alikuwa ameyapigia hesabu kwa kijiti, vizuri kabisa. Ambao hakuwapigia hesabu ni mashangazi. Shangazi hasafiri hivi hivi. Ana mtungi wa urwagwa, ana mkeka, ana kuku, ana mjukuu ambaye "huyu mdogo, hachukui nafasi." Shangazi Marsiana alikuja na mbuzi.

"Shangazi, mbuzi si mtu wa ukoo," Emilian akalalamika.

"Ni zawadi yako, mjinga wewe," Marsiana akajibu, akampakia mbuzi mbele, na mbuzi akachungulia dirishani njia nzima.

Kibiriti kilichuchumaa. Kwenye vilima mashangazi walishuka, wakapanda kwa miguu wakiimba, wakaingia tena kileleni. Mlangoni pa kanisa walitoka wamejikunja, wakajinyoosha mmoja mmoja, wakarekebisha vilemba. Watu wa Ngara walikuwa wamejikusanya ili wacheke, na kweli walicheka. Lakini Kibiriti kilipozidi kwenda na kurudi, kicheko kikageuka vigelegele. Desderius naye alikuwapo. "Lori langu lingewaleta wote hawa kwa mkupuo mmoja," akasema.

"Liko wapi?" wakamwuliza.

"Liko mstari wa mbele," akajibu kwa mazoea, wakati vita vilikwisha zamani.

Safari ya mwisho walibaki watatu: Melania katika nguo nyeupe aliyoishona mwenyewe, Ildefonsa, na bibi Niragira, yule kikongwe asiyeona. Bibi akakaa mbele. Ildefonsa akakaa nyuma na binti yake, maana mama mkwe hawezi kubanana bega kwa bega na mkwe. Emilian akatumbukiza kijiti. Kilitoka kikavu, isipokuwa ncha. Akakirudisha mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu apewe gari hilo hakumwonyesha mtu alama ya unyevu.

Chini ya kilima cha mwisho, kanisa linaonekana pale juu, Kibiriti kikakohoa, kikakohoa tena, kikanyamaza.

"Kimefanyaje?" Ildefonsa akauliza.

"Mafuta yameisha, mama."

"Nilisema mimi! Nilisema lori! Sasa binti yangu ataingia kanisani kwa miguu kama mimi, kama mimi!" Ile sauti kubwa ikakatika katikati, akaanza kulia. Emilian aling'ang'ania usukani. Alitaka ardhi ipasuke immeze, yeye na kijiti chake.

Juu kule ukoo ulikuwa umesimama ukiangalia barabara. Walikiona Kibiriti kikizimika. Shangazi Marsiana akavua viatu, akakaza kitenge kiunoni, akateremka mbio, na wote wakamfuata, wenye mitungi, wenye wajukuu, wazee na fimbo zao. Lori lililozimika pale lingelala pale mpaka Jumatatu. Kibiriti walikizunguka tu, wakakishika.

"Hakuna kushuka!" Marsiana akaamuru. "Bibi harusi hakanyagi vumbi na sisi tupo. Haya, sukuma!"

Wakasukuma. Kigari kikaanza kupanda, nyimbo zikapanda nacho, mbuzi akikimbia pembeni. Ndani, bibi Niragira akasema, "Gari hili zuri, halina kelele."

Ildefonsa akageuka nyuma. Kioo kilikuwa kidogo, tena kimejaa vumbi. Akakifuta kwa ncha ya kitenge. Nyuso zilikuwa zimekijaza chote, zinatoka jasho, zinaimba, na nyuma yao walikuwapo wengine waliokosa pa kushika, wakisukuma migongo ya wenzao. Barabara ilikuwa imejaa watu wake.

"Melania," akasema polepole. "Geuka nyuma."

Melania akageuka. Akamshika mama yake mkono, wakatazama wote wawili, mama akifuta macho, akifuta kioo, akifuta macho, kwa kitenge hicho hicho, mpaka uso ukajaa vumbi.

Walipofika usawa wa mlango wa kanisa Emilian akakanyaga breki. Padre alikuwa amesimama kizingitini, anatazama saa yake.

"Tumefika, mama," Emilian akasema.

"Toa mguu hapo," Ildefonsa akamwambia, bila kugeuka mbele. "Waambie wasukume mpaka sokoni, halafu ndiyo turudi."