Bega Langu na Dada wa Bima

Nilikuwa mpishi katika kambi ya jeshi la kigeni, huko jangwani. Siku moja niliteleza na sufuria ya wali mikononi, nikavunjika bega. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na kandarasi ya serikali yenye jeshi lile, na sheria yao ilitaka kila mfanyakazi wa ng'ambo awe na bima ya kuumia kazini. Nikarudishwa nyumbani Likoni, bima ikanilipia matibabu.

Kila mwezi dada mmoja wa bima alinipigia simu kutoka Nairobi. "Hujambo? Bega laendeleaje?" Nami, mtu niliyelelewa, nikajibu, "Sijambo, alhamdulillahi. Bega nalo halijambo." Na wallahi hata shati nilikuwa navishwa! Mwezi wa tatu ikaja barua: kwa kuwa mgonjwa mwenyewe asema amepona, matibabu yasimamishwe.

Nilifoka. Mke wangu, aliyekuwa akinivisha hilo shati, aliisoma barua mara mbili, akachukua simu. "Dada, huyu hata akiwa taabani atakwambia hajambo. Muulize kama aweza kujikuna mgongo."

Matibabu yakarudi. Tangu hapo dada yule haniulizi hali, huniuliza mkono unainuka hadi wapi. Juzi nikamwambia kwa furaha kwamba nimeanika nguo za nyumba nzima kwa mkono uleule.

"Vizuri," akasema. "Sasa nipe mkeo."