Plastiki ya injini ya Gasto

Leo nimemvua nguo mchumba wa mjukuu wangu mbele ya majirani.
Tulieni, nguo yenyewe ni plastiki ya gari.

Gasto kaja Mbinga na gari la mbio kumposa Skola wangu. Shikamoo kaitoa huku anafungua boneti! Eti nione injini.

Nikaona plastiki nyeusi tu.
"Hii ina kazi gani, baba?"
"Inapendezesha, Bibi."

Mimi nikinunua kahawa siitazami juu ya gunia. Naingiza mkono mpaka chini, ndiko wanakoficha mbovu.
"Itoe."
"Bibi, si lazima..."
"Itoe, au Skola msahau."

Kaitoa. Mama yangu! Oili imeganda kama ugali wa juzi, nyaya zimefungwa kwa kipande cha chandarua. Skola kainamisha kichwa.

"Gari halihitaji plastiki, Gasto. Wewe ndiye uliyeihitaji."

Jasho likamtoka. Nikamlisha akashiba, maana mtoto wa watu hafukuzwi akiwa na njaa. Kisha nikampa khanga kuukuu.

Sasa hivi anafuta injini, Skola kamshikia ndoo. Iking'aa, tutaongea habari za posa.
Plastiki nimemnyang'anya, naanikia dagaa.

Mwenye gari la mbio anibishie.