Olekranoni ya Mbuzi

Mwaka wangu wa kwanza chuo cha utabibu, mtihani wa mifupa uliniangusha vibaya. Unaingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa, unapapasa bila kuona, unataja mfupa. Mimi nilitaja uongo mtupu. Nikapewa sapu, nirudie baada ya likizo, na kila mwanafunzi anajua sapu ikikushinda umedisko: unafungasha godoro lako na kurudi nyumbani moja kwa moja.

Krismasi ikanikuta nyumbani, Maretadu, na daftari bila mfupa hata mmoja. Baba akachinja mbuzi. Wengine waliona nyama, mimi nikaona mguu wa mbele umelala kwenye sinia, mzima, na viungo vyake vyote. Niliruka.

"Huu asiutafune mtu! Huu ni mkono!"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Lakini ni yeye aliyeniwahia mifupa kabla ya mbwa, akaichemsha, akaianika juu ya banda mpaka ikawa myeupe, akaitia kwenye foronya. Jioni akichambua maharage alinishikia ile foronya, nami nikazamisha mkono. Majina ya kitabuni hakuyajua, kwa hiyo alitunga sheria yake.

"Jina sema lolote, siwezi kukupinga. Mimi nionyeshe huo mfupa uko wapi kwenye mwili wako."

Basi kila mfupa niliutoa nikauweka kando ya mwili wangu, naye akabonyeza huku na huku kama mtu anayechagua maparachichi sokoni. Ulionipendeza kupita yote ulikuwa alna, ule wenye olekranoni, yaani ncha ya kiwiko, lile fundo gumu unaloegemeza mezani ukisubiri chakula. Kwa mbuzi limechomoza nyuma kama mpini! Mama alishika kiwiko chake, akashika changu, kisha akaniburuta mpaka bandani tukapapase mbuzi aliye hai. Kiwiko chake tukakikuta juu kabisa, karibu na kifua.

"Miaka yote namkamua, kumbe ana kiwiko!" Mama alisema, na mbuzi akatupiga teke. Tulicheka kama wendawazimu. Nilirudi chuoni najiona bingwa.

Siku ya sapu nikamwamkia mwalimu, akaitikia bila kuinua macho, akanisogezea mfuko. Nikazamisha mkono na moyo ukapiga paa. Mfupa ulikuwa mmoja, mwembamba, umesimama peke yake. Wa mbuzi wangu ulikuwa umeshikana na mwenzake, ukiushika mmoja umeshika miwili, na vidole vyangu vilikuwa vimezoea huo. Nilitafuta mpini nikakuta kinundu kifupi. Jasho likanitoka. Niliona godoro langu limefungwa kamba.

"Nakusikiliza," mwalimu alisema.

 Mkono wa kulia ukiwa mfukoni, nikakunja wa kushoto na kukiegemeza kiwiko mezani. Kile kinundu nilichokuwa nakibonyeza mfukoni, hiki hapa, kimekaa mezani pangu! Chini yake kuna pango lililojipinda, ndipo mfupa wa juu unapokaa. Nilipayuka mpaka mwalimu akashtuka.

"Alna! Na hii ni olekranoni!"

"Usipige kelele. Ikivunjika, mgonjwa anashindwa nini?"

"Kunyoosha mkono! Msuli wa nyuma ya mkono unavutia hapo hapo!"

Akaandika, akageuza karatasi nione. Nimepita. Nilitoka mbio, nikasahau hata kushukuru, nikampigia Mama nikiwa bado kwenye ngazi.

"Shikamoo Mama, nimefaulu! Ni olekranoni, Mama!"

"Marahaba mwanangu!" Akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha akatulia, sauti ikashuka. "Sasa naweza kukuambia. Juzi niliteleza na mzigo wa majani ya ng'ombe, nikaangukia kiwiko. Kimevimba. Nikasema nisimsumbue mtoto na mtihani wake."

Furaha yote ilinitoka mwilini. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

"Weka spika, uweke simu chini. Inua mkono huo juu ya kichwa. Ukunje, kiganja kiguse mgongo. Sasa unyooshe wenyewe, usiusaidie na mwingine."

Nilimsikia anavuta pumzi. Nikasikia kuku, na ndoo inagongwa mahali.  Nilikuwa nimeufinya mkono wangu mwenyewe bila kujua.

"Mama?"

"Unauma," alisema. "Unauma sana. Ila umenyooka. Umenyooka wote, naugusa mlango juu!"

Nilipiga yowe hadi wanafunzi waliokuwa wanashuka wakanipisha. Nikamwambia hata hivyo kesho aende hospitali wampige picha ya mfupa, bila kubisha, bila kusema kuna palizi. Nilisema kwa ukali ambao sijawahi kumtolea Mama maishani mwangu, nikangoja anirudi.

Nikasikia anaiokota simu.

"Shikamoo, daktari," akasema.

Mama yangu mzazi. Nilijaribu kumwambia asinitanie hivyo, nikajikuta nakunja na kunyoosha mkono wangu mwenyewe pale kwenye ngazi.