Kazi Yangu Ilihamia Kakamega, Mimi Nikarudi Mautuma

Mwezi wa pili mwaka huu niliingia ofisi moja mjini Kakamega kuomba kazi. Dada aliyekuwa anahoji watu akasoma jina langu, akaniangalia.

"Patroba Lusweti? Yule wa Nairobi?"

Uso sikuujua. Sauti nikaijua.

Ni mimi nilimfundisha kazi. Kazi yangu mwenyewe.

Ngoja nianzie mbali kidogo, usije ukadhani nimelewa.

Kwetu ni Mautuma, huko Lugari, ambako kijana akimaliza chuo anapewa cheti na jembe siku moja. Mahindi hayalipi mshahara, lakini pia hayafutangi mtu.

Mimi nikajiona mjanja. Nikaenda Nairobi, maana tuliambiwa ndiko kazi zinaishi.

Nikapata mboka, kazi ya kupokea simu za wateja wa kampuni ya friji. Mtu anapiga amewaka, friji haigandishi, unampa pole, halafu unamuuliza kama ameichomeka kwa stima. Wengi huwa hawajaichomeka. Miaka mitano nilifanya hiyo kazi, na niliiweza.

Novemba mwaka jana meneja wetu, Sydney, akaniita ofisini kwake. Akanimiminia chai yeye mwenyewe. Meneja akikumiminia chai, kimbia. Mimi nikaongeza sukari.

"Kampuni inakua," akasema. "Tunafungua tawi huko kwenu magharibi. Wewe ndiye mkali hapa, tusaidie kufundisha mtu kwa simu."

Nilifurahi, sitadanganya. Hatimaye kazi zimekumbuka njia ya kwetu.

Wiki tatu nikamfundisha dada anaitwa Michelle. Alikuwa mwepesi kushika, na ananiita mwalimu. Sikumficha kitu.

Siku alipomaliza mafunzo, mimi nikapata barua pepe. Walinishukuru kwa mchango wangu. Sydney alikuwa na mkutano muhimu sana siku hiyo, kwa hivyo akamtuma bawabu anisindikize hadi geti.

Nikarudi Mautuma. Mama hakuuliza mengi. Alisonga ugali, obusuma wa kwetu, akachinja kuku, ingokho yenyewe, akangoja nishibe.

"Umerudi wakati mzuri, baba," akaniambia. "Mahindi bado hatujamaliza kuvuna."

Huo ndio ulikuwa mkataba wangu mpya.

Baadaye nikaona tangazo la kazi ya simu Kakamega, halikutaja kampuni. Sasa ndiyo hivyo nikajikuta mbele ya Michelle. Aibu ilimshika yeye kuliko mimi.

"Mwalimu, mimi sikujua. Waliniambia umepandishwa."

"Ni kweli. Walinipandisha basi."

Nikamuuliza mshahara. Akauandika kwa karatasi, akanisukumia. Haukufika nusu ya ule wangu. Friji ni zile zile, matusi ni yale yale.

"Walisema maisha huku ni rahisi," akasema. "Mimi nimepanga chumba hapa Shieywe, na nasomesha wadogo zangu wawili. Hayo maisha rahisi sijui yako mtaa gani. Lakini wenzangu tuliosoma pamoja wananionea wivu. Wengine huu ni mwaka wa nne hawajaitwa hata kwa mahojiano."

Nikaiangalia ile karatasi tena. Kiburi cha Nairobi kikaisha hapo hapo.

"Basi niandike. Nitachukua hiyo hiyo."

Michelle akashusha macho.

"Nafasi ni ya miezi miwili tu, mwalimu. Tangu Jumatatu na mimi nafundisha mtu kwa simu. Yuko Kapenguria."

Nilitaka kucheka, cheko likakataa kutoka.

"Na umeelewa maana yake?"

"Sikuwa nimeelewa. Mpaka wewe umeingia hapa."

Mwanafunzi wake, Cherop, alipiga tukiwa bado tumekaa. Nikaomba simu. Nikamweleza yote: mimi nilivyotolewa, huyu dada atakavyofuata, na yeye atakavyofuata huyu dada. Nikamtajia mshahara wangu wa zamani. Michelle akainama akamtajia wake.

Nilitarajia akate simu. Ama alie.

"Asanteni kwa kuniambia," Cherop akasema. "Lakini mimi nimekaa nyumbani miaka sita na diploma yangu. Huku kwetu ukiona mtu ameajiriwa, ujue ni mwalimu ama ni askari. Hata wakinitoa mwaka ujao, nitakuwa nimefanya kazi mwaka mmoja. Sasa, mtanifundisha?"

Hasira nilikuja nayo nyingi, nikakosa mahali pa kuiweka. Mwizi wa kazi yetu alikuwa msichana amengoja miaka sita.

Michelle aliniangalia. Nikavuta kiti, tukamfundisha pamoja mpaka saa saba mchana. Ile nafasi ya miezi miwili niliichukua pia. Nimemaliza juzi.

Siku hizi nikisikia kwa redio kwamba ajira zimepanda kaunti fulani, napiga makofi kama raia mwema. Halafu nauliza: zimeshuka wapi?

Wewe ukiambiwa ufundishe mtu kazi yako, mfundishe vizuri, hana kosa. Ila siku ya kwanza kabisa muulize yuko wapi na analipwa ngapi, na wewe mwambie zako. Waliotupanga hivi wanatuombea jambo moja tu: tusiwahi kuongea.