Maalim Asiyesema "Sioni"

Maalim Idarusi wa Mkwaja alikuwa na kanuni moja: mwalimu hasemi "sioni" mbele ya wanafunzi wake. Alisomesha Kurani katika chuo chake tangu ujanani, na msahafu mzima ulikuwa kifuani mwake. Kwa hiyo macho yalipoanza kufifia hakuna aliyetambua, isipokuwa mkewe, Mwatumu, aliyemwona akipapasa kata ya maji iliyokuwa mbele yake.

Mwaka 1956 walifika watafiti wa macho kutoka Tanga. Walikuwa wakichunguza ugonjwa wa presha ya macho, yaani maji ya ndani ya jicho kuzidi nguvu, unaokula uoni polepole bila maumivu. Kila mtu alipimwa uoni kwanza. Aliyeshindwa ndiye aliyeingizwa ndani, jicho likapimwa, akapewa dawa ya matone. Matone hayakurudisha kilichopotea, yalilinda kilichobaki. Na Maalim alikuwa amebakiwa na nyuso za watu na njia ya msikitini.

Mpimaji wa mlangoni alikuwa Jaffer, muuza miwani. Aliinua kadi yenye alama kama uma.

"Shikamoo, Maalim. Meno ya uma yanaelekea wapi?"

"Marahaba. Mambo ya uma kawaulize wenye njaa. Mimi nipe msahafu."

Watu wakacheka. Jaffer aliona haya kumtahini mwalimu kama mtoto. Akaleta msahafu, akaufungua, na kwa adabu akamwambia, "Ni Yasini, Maalim."

Hapo ndipo Jaffer alipokosea, kumtajia sura. Maalim akainama, akasoma bila kukwama.

"Huyo hata ukimfunika shuka atasoma!" alisema jirani yao, Semeni.

Mwatumu hakucheka. Aliona mumewe amekwisha kupita mwisho wa ukurasa, na mkono haujafunua. Akasogea.

"Bwana Jaffer, mume wangu..."

"Mwatumu," Maalim akamkata, "twende nyumbani."

Mwatumu akamfuata. Mke hufundishwa kumsitiri mumewe, na sitara ni jambo jema. Lakini sitara ni ya aibu, na maradhi si aibu. Nalisema wazi kwa kuwa mpaka leo tunalikosea.

Nyumbani Mwatumu alimsihi. "Rudi, baba, wangalipo."

"Nirudi niseme nini? Kwamba nimewadanganya watu kwa maneno ya Mungu?"

Kesho yake lori la watafiti likaondoka.

Waliporejea mwaka uliofuata, Mwatumu alimwongoza mumewe kwa mkono. Safari hii Maalim hakuomba msahafu. Jaffer akamwingiza ndani, na alipotoka alishindwa kumtazama Mwatumu usoni.

"Hakuna cha kulinda tena, bibi."

"Na yale matone?"

"Ningekupa chupa nzima. Hayatafaa kitu."

Wazazi wakahamisha watoto mmoja mmoja, kwani asiyeona ubao hawezi kusahihisha herufi. Maalim Idarusi hakuwahi kutamka "sioni" mbele ya mwanafunzi. Kanuni hiyo ilimgharimu macho yote mawili, na chuo chake.