Siku Mbili Nilizozikata Mlimani Elgon

Nawasalimu nyote mnaopumua bila kujua kwamba mnapumua. Hata mimi nilikuwa hivyo. Naitwa Mama Shiru, nauza viatu vya mitumba sokoni Kitale, na nyumbani ni mtaa wa Tuwan, hapo hapo mjini. Kabla ya haya sikuwa nimelazwa hospitali ila kwa kujifungua. Nilikuwa na miguu ya kusimama kutwa na mdomo wa kubishana kutwa, na vyote viwili vilinilisha.

Kila asubuhi nikifungua kibanda naona Mlima Elgon, na mara nyingi wingu limekalia kilele kama mteja asiyetaka kununua wala kuondoka. Nilitaka tu kujua kuna nini pale. Rafiki yangu Nekesa, mwalimu wa Malakisi, naye alitaka kujua. Basi likizo ya Desemba tukaenda Kapsokwony kutafuta mtu wa kutupeleka, tukampata Ndiwa, mwelekezi wa makamo mwenye sauti ya chini.

Ndiwa alituwekea njia mezani. Kuna ya mapango na maporomoko ya maji, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo, hata mwenye kitambi anaweza. Kuna inayopita msitu wa mianzi hadi nyanda za Chepkitale. Hiyo unalala huko, na inataka mtu aliyezoea kupanda. Halafu kuna ya kilele.

"Mshawahi kupanda mlima wowote?" akauliza.

"Nimepanda ngazi za benki," nikasema. "Tupe ya kilele."

"Kilele ni kulala mara nne."

Sasa nyinyi mnajua soko. Bei ya kwanza si bei, ni salamu.

"Nne? Mzee Ndiwa, bana! Fanya mbili."

"Mama, mlima si kiatu."

"Kila mwenye kitu chake husema hivyo. Mbili."

Nikaanza kuondoka polepole, vile wateja wangu hunifanyia. Akaniita.

"Haya, mbili. Lakini nikisema turudi, tunarudi."

Nikakubali haraka, kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Siku ya kwanza tulipita mahali ambapo wengine hulala. Jioni kichwa kikaanza kuniuma, nikameza dawa nikanyamaza. Kesho yake, katikati ya nyasi za baridi na mimea iliyosimama kama kabichi juu ya nguzo, nikatapika chai yote. Nikitembea kidogo, nakaa. Nikikaa, bado nahema. Halafu kikohozi kikaja, na kifua kikaanza kutoa sauti kama uji unaochemka. Nilitema povu la pinki kwenye leso. Nililiangalia sana. Nilijiuliza limetoka wapi, na mimi sikula kitu cha rangi hiyo.

Ndiwa aliiona leso. "Tunashuka. Sasa hivi."

"Si nipumzike tu hadi kesho?"

Nekesa akanishika kidevu. "Midomo yako imekuwa buluu, Mama Shiru."

"Basi nipeni saa moja."

"Ati saa moja!" Nekesa akafoka. "Hapa hakuna kupunguziwa. Simama ama tukubebe."

Sikuweza kusimama. Ndiwa alinifunga mgongoni kwa blanketi kama mtoto, na mimi si mwepesi. Wakapokezana, wakiteleza na kuinuka. Nilijua kwamba nikisinzia huenda nisiamke. Lakini kadiri tulivyoshuka, nilipata pumzi ya neno moja, kisha ya maneno mawili. Tulipofika kwenye mianzi nikaweza kulalamika. Nekesa akalia kwa furaha.

Chini, bodaboda ilinibeba katikati ya dereva na Nekesa, kisha gari likatufikisha hospitali mjini Bungoma. Wakaniwekea oksijeni puani na kuniegemeza kitandani nimeketi.

"Mapafu yako yana maji," daktari akasema.

"Yaliingilia wapi na sikuogelea?"

Akacheka, akanieleza. Juu kule hewa ni nyepesi, na mwili unahitaji siku za kuizoea. Ukiuharakisha, mishipa ya mapafu huvuja.

"Hata mwanariadha?"

"Hata yeye. Wepesi wa miguu haulindi mapafu."

"Na dawa yake?"

"Kushuka. Ulikuwa umeshaanza kuimeza kabla hujafika kwangu."

Baba Shiru alikuja kutoka Kitale. Akautazama mtungi wa oksijeni, akanitazama mimi. "Mama Shiru, ulikuwa umepunguza nini tena?"

Siku niliyofika chooni bila kushikwa, Ndiwa alikuja na asali. Kulikuwa na jambo lililokuwa likinisumbua kuliko kikohozi.

"Niambie ukweli. Ile nne, ilikuwa nne kweli?"

Akaangalia sakafu. "Kila mtu hubishana, mama. Kwa hivyo huwa naongeza siku moja ya kukatwa. Wewe ulikata mbili."

Mimi hufanya vivyo hivyo kwa kila jozi ya viatu. Sote wawili tulijua soko vizuri, ila mlima haukuwa sokoni siku hiyo.

Namshukuru Mungu, na migongo miwili iliyonibeba. Wewe unayetaka kupanda, chukua njia ya mapafu yako, si ya mdomo wako. Anza na mapango. Kichwa kikiuma, sema. Povu likitoka, usiombe saa moja, shuka. Mimi nilipopona nilianza na mapango, halafu Chepkitale, nikalala huko na kuamka nikiwa na njaa. Kilele bado sijakijua, na wingu bado limekikalia. Juzi daktari alinipima, akasema naweza kujaribu, polepole. Nikaenda Kapsokwony.

"Kilele ni kulala mara tatu," Ndiwa akasema. "Siku hizi siongezi kitu."

"Fanya nne."

"Mama, tatu zinatosha!"

"Nne, Mzee Ndiwa."

Akatikisa kichwa. Nikaanza kuondoka polepole. Akaniita.