Siku Niliyomwogesha Paka Dawa ya Ng'ombe

Kosa langu la kwanza katika kufuga paka nililifanya nikiwa darasa la nne, kwetu Mwamapalala, na nililifanya kwa umakini mkubwa. Nilimwogesha dawa ya kupe ya ng'ombe.

Tulipokuwa wadogo, Jumamosi ilikuwa siku ya kuogesha ng'ombe. Baba alibeba bomba mgongoni, sisi tukishika mikia, na harufu ile kali ilibaki kwenye ngozi zetu hadi Jumapili kanisani. Baadaye tulikaa kivulini kula michembe ya moto, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa kisha kuchemshwa, pamoja na karanga, vidole vikinata. Watoto wa siku hizi wanawavalisha paka miwani ili wawapige picha. Paka wa enzi zetu alikuwa na kazi: kulinda mahindi na mbegu. Wetu aliitwa Pamba, kwa sababu alikuwa mweupe na alizaliwa juu ya lundo la pamba chumbani.

Jumamosi moja niliona Pamba anajikuna viroboto, na dawa imebaki. Nilisoma maelezo ya chupa mara tatu, nikapima kwa kizibo, nikamsugua hadi ncha ya mkia. Nilijiona mtaalamu.

Haukupita muda mrefu, akaanza kutoa mate na kutetemeka, miguu ya nyuma ikimwishia nguvu. Nilipaswa kusema. Lakini nyumbani mimi ndiye mtoto niliyesifiwa kwa kutokosea, basi nikamficha nyuma ya ghala, nikampepea kwa daftari la hisabati. Hilo ndilo kosa ninaloona aibu nalo hadi leo.

Mayu, yaani mama yetu, ndiye aliyetukuta.

"Umempaka nini?"

"Dawa ya kupe. Lakini nilipima, mayu."

"Na yeye ulimpima?"

Akamwita baba, akamwambia ampigie simu bwana mifugo. Baba alishangaa. Namba ya bwana mifugo ilipigwa kwa ajili ya ng'ombe, na mara chache kwa ajili ya mbuzi.

"Aache ng'ombe wa watu aje kumwona paka? Atanicheka hadi mnadani."

"Panya wakimaliza mbegu zako mtacheka wote," mayu alisema.

Baba alipanda kichuguu, maana ndipo mtandao ulipopatikana. Sisi tulisimama chini, Pamba akiwa mikononi mwa mayu.

"Mwadila, bwana mifugo," alimsalimia. "Hapana, ng'ombe wazima kabisa." Akashusha sauti. "Ni paka."

Akasikiliza, kisha akaanza kuturushia maagizo: tumwoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, tumkaushe, tumfunike, tusimnyweshe maziwa wala chochote. Halafu akanitazama. "Anauliza alianza kutetemeka saa ngapi."

"Saa nane."

Ilikuwa inakaribia saa kumi. Baba hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

Bwana mifugo alifika kwa pikipiki, akamchoma sindano, akakaa naye hadi mtetemeko ulipopungua. Hakucheka hata kidogo.

"Ng'ombe ni mkubwa, na hajilambi mwili mzima kama huyu," aliniambia. "Usiguse dawa bila kuuliza. Na saa nane ni saa nane, ng'wanawane, mwanangu. Unapiga saa nane."

Jumatatu Pamba aliiba dagaa wa mayu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemfukuza.

Sasa naishi Bariadi mjini na nina paka mwingine. Nimejifunza mwenyewe kwa kusoma na kuulizauliza, na nimeandika ukutani mambo ya kunifanya nipige simu papo hapo: akitetemeka, akihema mdomo wazi, akigusa sumu, akichuchumaa kukojoa na mkojo hautoki. Akikataa chakula siku nzima, napiga pia. Vijana wenzangu huuliza kwanza kwenye kundi la simu, wakajibiwa kwa vikatuni vinavyolia, huku paka anazidiwa.

Nakumbuka kile kichuguu. Tulikuwa na simu moja na mahali pamoja pa kupigia, na bado paka wetu alipona. Leo mtandao unafika hadi jikoni kwangu, kwa hiyo sina kisingizio. Siku hizi napiga simu kwanza, kisha ndipo naona aibu.